Uzi Ukiloa

Machi 2
Leo barafu imepasuka chini ya daraja. Imepiga kishindo mpaka Tosia akaamka analia. Nikambeba dirishani aone vipande vikiteremka na mto, akanyamaza, akavinyooshea kidole. Babu yake angefurahi. Kila mwaka barafu ikipasuka alifunga jiliwa lake dogo la chuma kwenye ubao wa dirisha hili, akabana ndoana, akaniambia, "Tekla, mabuu wameamka." Sasa ubaoni kuna matundu ya skrubu tu.

Daftari hili nilinunua niandike mapishi. Mapishi nayajua kichwani. Haya mengine sijui nimwambie nani.

Machi 5
Theluji nyevu kutwa. Tosia anaota jino.

Machi 9
Niandike jambo lenyewe, labda litanitoka kooni.

Baba tulimzika Januari. Watu wakaja kwetu kula, supu ya kabichi chachu na viazi, na aliyekula kuliko wote ni mjomba Ludwik. Si mjomba wa damu. Tumemwita hivyo tangu nikiwa mdogo, na ndiye baba wa ubatizo wa Tosia, aliyemshika juu ya maji kanisani. Watu walipoanza kuaga nikamwona kainama dirishani anafungua skrubu za jiliwa. Akasema anakwenda kulitunza, mtoto asijeumia. Na kasha la baba la mabuu akalitia kwapani. Mimi nilikuwa nimebeba sahani chafu mikono yote miwili. Sikusema kitu. Kinachonikaba mpaka leo ni zile sahani. Kwa nini sikuziachia zianguke?

Mabuu ni hivi. Chini ya mawe ya mto wetu, Dunajec, wanaishi wadudu wanene ambao hawajaota mabawa, na samaki waitwao trauti huwala mwaka mzima. Mvuvi akitaka trauti hutengeneza buu la uongo kwenye ndoana. Wengi hapa huzungusha uzi tu wakamaliza. Baba alisuka. Nyuzi mbili, ya kijani ya mgongoni na ya rangi ya maziwa ya tumboni, fundo upande huu, fundo upande ule, mpaka mwili unatoka na pingili kama za mdudu aliyeumbwa na Mungu. Mto mzima waliliita buu la Walenty. Alinifundisha mimi kwa kuwa sina kaka wala dada, na vidole vyangu ni vyembamba. Ludwik alijaribu miaka na miaka, akaishia kukata uzi na kutukana.

Machi 18
Dukani kuna gazeti la wavuvi. Ludwik kapigwa picha anacheka, buu la baba kiganjani. Chini wameandika: Buu la Ludwik.

Mwenye duka akanisifia, eti mjomba wako katutoa kimasomaso. Nikanunua chumvi. Chumvi ninayo nyumbani tele.

Machi 19
Nimemwonyesha Florek. Mume wangu ni mtu wa amani, anashinda kiwanda cha mbao na anarudi na vumbi kwenye nyusi. Akasoma polepole, akasema, "Mama Tosia, huyo ndiye aliyemshika mtoto wetu ubatizoni. Huwezi kugombana naye." Nikamwambia sijasema nitagombana. Akaniangalia, akaenda kupasua kuni.

Aprili 3
Mvua. Mto umejaa, una rangi ya kahawa yenye maziwa.

Aprili 12
Florek kaniletea koleo dogo kutoka kazini, kaufunga mshikio kwa mpira wa baiskeli ili libane lenyewe. Hakusema ni la nini, kaliweka mezani karibu na mkate. Tosia alipolala mchana nimelibana katikati ya magoti, nikasuka buu la kwanza tangu baba aondoke. Lilitoka limepinda. La pili likanyooka. Nililia kidogo, lakini si kwa huzuni yote.

Aprili 15, Jumamosi ya Pasaka
Tumepeleka kapu la chakula kanisani libarikiwe. Baba alikuwa na desturi yake, buu la kwanza la mwaka analificha chini ya mayai ili nalo lipate maji ya baraka. Padre alijua, akawa analinyunyizia zaidi upande huo. Nami nikalificha langu.

Ludwik alisimama nyuma yangu. Akainama kana kwamba ananusa soseji, akainua yai moja kwa vidole viwili. Akaona. Akalirudisha yai taratibu kama mtu aliyefunika kitanda cha mtoto. Akanikonyeza.

Sikupenda lile konyezo. Sasa anajua kwamba mikono ya baba haikuzikwa yote.

Mei 6
Amekuja, kama nilivyojua atakuja. Kamletea Tosia chokoleti ambayo hana meno ya kuilia. Kazungumza kwanza habari za mbegu za viazi, halafu magoti yake, halafu ndipo akafika. Agosti kuna mashindano makubwa, vyama vya wavuvi vinakuja kutoka mbali. Mabuu ya kwenye kasha yameng'ang'ania mawe ya mto, yamekwisha. Anataka nimsukie mengine.

Nikamwambia arudishe jiliwa. Akasema baada ya mashindano. Nikamwambia basi aseme mbele za watu kwamba buu hilo ni la Walenty. Akacheka kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma.

"Walenty amekufa, mwanangu. Wafu hawavui."

Nikasema sawa, nitasuka. Nilisema haraka mpaka mwenyewe nikashangaa. Alipotoka nimeikata ile chokoleti vipande na kuwapa kuku.

Mei 7
Niandike ninachotaka, ili nisijidanganye baadaye. Kwenye ukumbi wa zimamoto kuna kabati la kioo la chama. Buu lililoshinda kila mwaka hupachikwa humo, na chini yake jina la aliyelifunga. Nataka jina la baba liwemo. Na nataka Ludwik alione kila anapoingia kunywa bia.

Mei 20
Tosia amesimama mwenyewe, kashika mguu wa meza. Akaanguka. Akasimama tena.

Juni 8
Nimekwenda na basi sokoni Nowy Targ kutafuta uzi. Ule wa baba ulitoka kiwanda kilichofungwa zamani, mzito, na rola iliyobaki sitaki kuimalizia kwa Ludwik. Nikapata mwingine mwembamba, unang'aa, rangi ile ile ya maziwa. Muuzaji akaniona nautia ncha mdomoni akasema, dada, hapa hatuuzi tambi.

Hivyo ndivyo baba alivyonifundisha. Uzi hauchaguliwi mkavu. Trauti hajawahi kuona buu kavu maishani mwake. Loanisha kwanza, ndipo uamue. Ludwik yeye huliweka kiganjani juani, analigeuza, anasema zuri. Baba alimwambia mara nyingi. Alikuwa anaitikia tu.

Uzi huu mpya ukiloa unakuwa kama kioo. Unaonyesha kilicho chini yake.

Juni 9
Sikulala vizuri. Si Tosia. Ni lile neno, kilicho chini yake.

Juni 10
Baba kabla ya kusuka alizungushia ndoana waya wa risasi ili buu lizame, juu yake akatanguliza uzi mweupe, ndipo akasuka. Ule mweupe hauonekani, lakini ndio unaolinda rangi.

Leo nimetanguliza mweusi. Nimesuka juu yake kwa uzi wa sokoni, nikavuta kila fundo likakaza. Likiwa kavu, ni buu la Walenty. Hata baba angelishika mara mbili. Nikalitia mdomoni, nikalitoa. Jeusi kama ini lililokaa nje.

Nikacheka peke yangu mpaka Tosia naye akacheka, bila kujua tunacheka nini.

Juni 24
Nasuka. Nasuka vizuri kuliko nilivyowahi kusuka.

Julai 9, Jumapili
Baada ya misa nimemwambia Florek tushuke mtoni na ufito wa baba wa kuvulia. Mto ulikuwa mwangavu, unaona kila jiwe. Florek kakaa ukingoni na Tosia, wanatupa kokoto. Mimi nimekunja sketi nikaingia hadi magotini. Maji yanauma mifupa hata Julai.

Unavua karibu, mshipi mfupi, mkono umeinuliwa. Buu linateremka na mkondo juu ya mawe ya chini na wewe unalifuata kwa ufito kama unamshika mtoto mkono. Likisita hata kidogo, inua.

Nikaanza na jeusi. Nikalipitisha kwenye shimo lile la chini ya mti wa ukingoni ambapo baba hakukosa kamwe. Hakuna. Tena na tena, hakuna. Nikamwona trauti mmoja mkubwa akisogea pembeni kulipisha, kama watu wanavyompisha mlevi njiani.

Nikafunga la baba, la mweupe chini. Mara ya kwanza mshipi ulisita, nikainua, ufito ukainama na kutetemeka mpaka begani. Florek kasimama na mtoto mikononi. Alikuwa trauti mzuri, madoa mekundu kama shanga. Nikamwonyesha Tosia, akamgusa, akaogopa, akamgusa tena. Tukamrudisha majini.

Nilikuwa na furaha mbili na sikuweza kuzitenganisha. Moja safi, na moja ya kujua kwamba Agosti Ludwik atatembeza ini mtoni mbele ya watu wote.

Florek akauliza mbona lile la kwanza halikushika. Nikamwambia bahati.

Julai 21
Leo naandika kwa hasira, mwandiko ni mbaya.

Ludwik kaja kuangalia kazi. Kayatoa mabuu nje juani, kayageuza kiganjani, kasema mazuri, mazuri sana, baba yako hajafa. Ndiyo, amesema hivyo, yeye yule aliyeniambia wafu hawavui. Halafu akafunga mlango wa jikoni ingawa hakukuwa na mtu, akasema anataka moja lililosukwa mwili tu. Nisilimalizie kichwa cha manyoya ya sungura. Niliache hivyo.

Nikauliza la nini. Akaanza habari ya kutaka kujifunza. Nikanyamaza tu nikimwangalia, na mtu ukimnyamazia hujaza mwenyewe. Desturi yetu mshindi huketi penye jiliwa jioni ya mashindano, mbele ya ukumbi, afunge mfano wa buu lililompa ushindi, ndipo jina liandikwe. Miaka aliyoshinda kwa mabuu ya kuzungusha hakuwa na shida. Sasa anataka kuketi na mwili niliousuka mimi umefichwa kiganjani, awageuzie mgongo kidogo, amalizie kichwa, apigiwe makofi.

"Nani atakaribia kuhesabu mafundo?" akasema. "Na wewe usiwe na uso huo. Nikipata jina, wageni watakuja mto huu, na kijiji kizima kitafaidi. Hata Tosia."

Kamtaja mwanangu. Kwa mdomo ule ule alioapia mbele ya padre kwamba atamlea katika kweli.

Na jiliwa atakalotumia ni la baba. Amelitoa kwa chama, anasema, kwa siku hiyo.

Nikamwambia, sawa mjomba. Nikamfungashia na jibini ya moshi.

Julai 22
Mpaka jana nilikuwa na huruma imebaki pembeni, kama majani ya chai chini ya kikombe. Nimeimwaga.

Agosti 2
Joto. Inzi. Tosia anasema "buu" na anamaanisha maziwa.

Agosti 13
Nimempa yote, pamoja na lile lisilo na kichwa.

Agosti 15
Kubariki maua na majani kanisani. Padre kasema tuombeane mema. Nimemwombea Ludwik mto mwangavu.

Agosti 20
Mashindano yalikuwa jana. Sitaacha kitu.

Asubuhi nilikuwa jikoni kwa zimamoto na wanawake wengine, tunamenya viazi, Tosia chini anacheza na maganda. Florek alikuwa akija na habari. Mto kama kioo, wote wanavua, Ludwik hajapata hata mmoja. Akaja tena: Ludwik bado. Ludwik anatukana. Nikaanza kuimba. Mke wa mwenyekiti kaniuliza kama nina mimba tena, maana nina uso mzuri.

Adhuhuri ngurumo zikasikika kutoka milimani. Kwetu haikunyesha tone, lakini juu huko ilikuwa inamwagika, na baada ya muda maji yakafika, rangi ya udongo, huoni kiganja chako. Wavuvi wengi wakakata tamaa wakakaa ukingoni wakila mkate. Nikafikiri, imekwisha.

Florek akaja anakimbia. Hakuwahi kukimbia tangu nimjue. Akasema Ludwik anatoa samaki mmoja baada ya mwingine.

Nikaelewa kisu kikiwa bado kwenye kiazi. Kwenye maji ya udongo buu la rangi ya maziwa halionekani. Linaloonekana ni jeusi. Mimi, kwa mikono yangu, kwa chuki yangu iliyokazwa fundo kwa fundo, nimemsukia buu pekee lililofaa mto ule siku ile.

Niliketi chini kwenye maganda pamoja na mwanangu.

Jioni ukumbi ulijaa. Ludwik kashinda kwa mbali. Jiliwa la baba lilikuwa mezani mbele, limepakwa mafuta. Desturi ni kwamba mwamuzi hulikata buu kwenye mshipi wa mshindi kwa mkasi, akalitia ndani ya kiberiti kitupu, na mshindi hukaa nacho kwenye mfuko wa kifuani mpaka jioni. Ndiyo heshima yake. Mwamuzi wa Ludwik alikuwa mwanamke wa chama cha kutoka Krosno, Bibi Gizela, mrefu, hacheki. Mwenyekiti wetu, mzee Hieronim, akapokea kiberiti, akakifungua, akampa alithibitishe.

Bibi Gizela akatazama. Akalisogeza kwenye taa.

"Hili silo."

Akasema alichokata mtoni kilikuwa cheusi kama ini, amekishika mwenyewe, na hiki ni cha rangi ya maziwa. Mtu aliyebadilisha buu huenda alivua na chambo kilichokatazwa, na kwao mtu kama huyo hafukuzwi mashindano, anafukuzwa chama.

Ludwik akawa mwekundu. Akasema ni lile lile, lilikuwa na matope. Bibi Gizela akamuuliza kama matope yalijiosha yenyewe ndani ya kiberiti. Watu wakacheka. Mmoja wa wageni akasema labda buu limekwenda kuungama. Wakacheka zaidi.

Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni na Tosia ubavuni. Nilijua. Katika ukumbi ule wote nilijua peke yangu. Uzi ulikuwa umekauka juu ya kifua chake, ukafunika weusi. Ningenyamaza tu. Nilinyamaza Januari na sahani mikononi, ningenyamaza na jana, na Ludwik angetoka pale bila kombe, bila chama, bila uso. Niliutamani ukimya ule kama mtu anavyotamani maji.

Nikauacha uendelee. Sioni aibu kuandika. Nilimwacha ahangaike, ageuke huku na huku, ajifute shingo. Ndipo macho yake yakanifikia.

"Muulizeni Tekla," akasema.

Mzee Hieronim akauliza, Tekla anahusikaje. Nikasogea mpaka mezani. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, ya kuombana chumvi, "Mjomba, waambie nani aliyesuka."

"Yeye," akasema kwa sauti ndogo.

"Nyuma hawajasikia."

"Tekla ndiye aliyesuka. Yote. Mimi siwezi fundo hilo, sijawahi kuliweza. Ni fundo la Walenty." Na kile kimwili kisicho na kichwa kikaanguka kutoka kiganjani mwake, kikadunda mezani, kila mtu akakiona.

Ndipo nikalichukua buu kwenye kiberiti, nikafunika ncha ya ndoana kwa ukucha, nikalitia mdomoni mbele ya watu wote. Nikalitoa, nikampa Bibi Gizela. Lilikuwa jeusi kama ini.

Akalipuliza. Akaligeuza. Kwa mara ya kwanza akatabasamu, akasema, "Chini yake umeweka nini, binti?"

"Uzi mweusi."

"Kwa makusudi?"

Ludwik alinitazama. Alikuwa ameelewa. Alivua na baba miaka mingi mno asielewe.

"Kwa makusudi," nikasema.

Wageni wakapiga makofi, wakidhani niliona mvua inakuja.

Ludwik kabakiwa na kombe, maana samaki walikuwa halali. Mzee Hieronim akachukua kalamu, akaishika kadi ya kabati la kioo, akaniuliza aandike jina gani. Florek kutoka nyuma akasema Walenty, na wazee kadhaa wakaitikia, Walenty, ndiyo, Walenty.

Hilo ndilo nililolitaka tangu Januari. Nikalitazama lile buu. Tumbo jeusi, uzi wa sokoni. Baba angelitupa motoni na kuosha mikono. Hajawahi kusuka kitu ili kisivue.

Nikasema, "Andikeni Tekla. La baba ni jeupe chini."

Agosti 27
Watu wananiamkia njiani kwa jina. Mwenye duka kalibandua lile gazeti.

Agosti 30
Ludwik kaja. Hakuleta chokoleti. Jiliwa lilikuwa kwenye gunia, skrubu kwenye leso yake. Akapiga magoti, magoti yale yanayomuuma, akalifunga dirishani katika matundu yake ya zamani. Mimi nikasimama juu yake na sikumpa kiti.

Akasema bila kugeuka, "Ulitaka nisipate hata samaki mmoja."

"Ndiyo, mjomba."

"Mungu akaleta mvua."

"Akaleta."

Akakaza skrubu ya mwisho. Akasema kwamba kama angelitia mdomoni angejua tangu Julai, na kwamba Walenty alimwambia, alimwambia mara nyingi. Mlangoni akauliza kama anaweza kumwona Tosia Jumapili. Nikamwambia mtoto ni wake mbele ya Mungu, aje. Sijamsamehe. Nimemwambia aje tu.

Agosti 31
Leo ni siku ya mwisho ya kuvua trauti. Kesho mto unafungwa kwao mpaka mwakani.

Nimebana ndoana kwenye jiliwa. Waya wa risasi, uzi mweupe, kisha rola ya baba, ile ya mwisho, ambayo sasa naona imebaki nyingi. Tosia alikuwa mapajani. Nilipoinua mkasi kukata uzi nikamkuta kaushika ncha, kautia mdomoni, anautafuna kwa meno yake mawili, kisha akautoa na kuutazama.

Ulikuwa bado wa rangi ya maziwa. Nikamwambia, ndiyo, mwanangu, huo ndio. Tukaendelea kusuka.